Kwa Nini Hakimu Alisimama Mteremkoni

Asubuhi nyumbani kwa Mama Pacha ilianza kwa kelele za madumu matupu. Mume wake aliyapanga kwenye mkokoteni, nayo yaligongana bila adabu. Watoto wao pacha, wasichana wawili wenye usingizi mzito, waliamka hivyo hivyo bila kuitwa. Mume huyo aliuza maji. Mtaa mzima ulimwita Madumu, na wengi walishasahau kwamba ana jina jingine. Nyumbani yeye alikuwa Baba Pacha, mkewe alikuwa Mama Pacha, na maisha yalikwenda.

Kulikuwa na mwenzao wa tano. Huyo aliitwa Hakimu, naye alikuwa punda. Alipewa jina hilo kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kumharakisha. Ukimwita, alikutazama kwanza. Alitikisa sikio moja, akafikiri, halafu ndiyo akaja. Mama Pacha alimlea tangu alipokuwa mwanapunda mwenye miguu mirefu isiyojua iende wapi. Kila asubuhi alimlisha maganda ya mboga kwa mkono wake mwenyewe. Alimpenda, wala hakuona haya kusema.

Maji yalichotwa kwenye bomba la juu, karibu na kanisa. Wateja waliishi bondeni, ng'ambo ya daraja. Kati ya bomba na daraja palikuwa na mteremko mkali. Kwa miaka mingi Hakimu alibeba madumu mgongoni, huku mawili na huku mawili. Alishuka mteremko ule polepole, asiye na hili wala lile. Kisha Madumu akapata mkokoteni.

Mkokoteni ulikuwa wa mzee mmoja aliyefuga ng'ombe. Ng'ombe hawakuwapo tena, na mkokoteni ulikuwa umekaa tu nyuma ya nyumba yake ukiota majani. Madumu aliutengeneza. Akaupaka rangi ya bluu na kuufunga magurudumu ya gari. Ulikuja na nira yake, gogo la mti mgumu ambalo huwekwa juu ya shingo ya ng'ombe ili avute. Nira ya bure nani ataikataa? Madumu aliiweka juu ya shingo ya Hakimu, akaifunga kwa kamba chini ya koo. Akapakia madumu mengi kuliko zamani. Siku hiyo alitembea kifua mbele kama bwana harusi.

Mwanzoni Hakimu alivuta vizuri. Baadaye akaanza kusimama. Hakusimama kila mahali. Alisimama mahali pamoja tu, penye jiwe jeupe, pale mteremko unapoanza. Alikita miguu ya mbele na kulaza masikio, basi, hapo hapo. Madumu alimvuta. Alimsukuma. Alimbembeleza, kisha akamchapa. Hakimu alitetemeka ngozi, lakini hakwenda. Mwishowe alishuka kwa kuyumba, huku bwana wake akipiga kelele mpaka darajani.

Wateja wakaanza kulalamika kuwa maji yanachelewa. Wengine wakaanza kumwita muuza maji mwingine. Madumu akarudi nyumbani uso umemshuka.

"Punda huyu ana kiburi," alimwambia mkewe. "Tangu apate mkokoteni, amejiona."

"Kiburi gani cha kuanzia penye jiwe moja tu?" Mama Pacha aliuliza.

Swali hilo lilimkasirisha Madumu. Akamweleza kuwa ameongea na mwenye machimbo ya mawe, yule anayeitwa Kokoto. Kokoto alikuwa na baiskeli kubwa ya mizigo. Alitaka wabadilishane, yeye achukue punda na Madumu achukue baiskeli. Angekuja Jumamosi.

Mama Pacha aliwajua punda wa machimboni. Walibeba mawe kuanzia alfajiri mpaka jua linapozama, mbavu nje, magoti yamechubuka. Hakuwahi kumwona hata mmoja aliyezeekea kule. Akamwomba mumewe asubiri kidogo. Madumu alisema Jumamosi ni Jumamosi.

*

Alasiri, kazi zikiisha, Mama Pacha alikwenda darasani. Lilikuwa darasa la watu wazima wanaojifunza kusoma, katika ukumbi wa kanisa. Mchungaji ndiye aliyefundisha. Alikuwa mtu mrefu mwenye mikono iliyojaa chaki, na alikuwa na tabia moja nzuri. Kila mwanafunzi alimruhusu alete swali lake, kisha wakatafuta jibu kwa kusoma.

Siku hiyo ilikuwa zamu ya Mama Pacha. Alisimama, akavuta kanga yake vizuri, akauliza kama Maandiko Matakatifu yanasema lolote juu ya punda. Darasa zima likacheka. Fundi cherehani aliyekaa nyuma alisema kuwa mwenzao ameacha kumuulizia Musa anamuulizia punda.

Mchungaji hakucheka. "Swali zuri," alisema. "Mtashangaa. Punda wamejaa humo kuliko mnavyodhani."

Akaandika ubaoni, kwa maneno mepesi, habari ya mtu wa zamani aliyeitwa Balaamu. Wakaisoma kwa zamu, kidole kikifuata neno. Balaamu alipanda punda wake kwenda safari ambayo Mungu hakuipenda. Njiani malaika akasimama mbele yao na upanga mkononi. Balaamu hakumwona. Punda alimwona. Akakwepa, akaingia shambani. Balaamu akampiga. Wakafika mahali pembamba penye kuta pande mbili, na punda akajibana ukutani. Balaamu akampiga tena. Wakaendelea, na mara ya tatu punda akalala chini kabisa.

Hapo mvua ikaanza kupiga bati. Kelele zilikuwa nyingi mno, hakuna aliyemsikia mwenzake. Mchungaji akafanya ishara kwa mkono kwamba wataendelea siku nyingine.

Mama Pacha alirudi nyumbani ameloa na amejawa furaha. Alimsimulia mumewe yote aliyosoma. Madumu alikuwa akifunga kamba. Akaacha.

"Alisimama njiani?"

"Njiani."

"Na huyo mtu alikuwa na kosa?"

"Alikuwa nalo. Alikuwa anakwenda kusikotakiwa."

Madumu akageuka, akamtazama Hakimu aliyekuwa akitafuna majani kimya. Akamtazama muda mrefu sana. Kiburi alichokuwa akikisema hakukitaja tena.

Tangu hapo Madumu akaanza kusaka dhambi zake. Kwanza alirudisha ngazi ya jirani, ambayo ilikuwa imekaa kwake tangu mvua zilizopita. Hakimu akasimama penye jiwe. Madumu akaenda kumsalimu kinyozi, ambaye walikuwa wamenuniana kwa jambo ambalo wote wawili walishalisahau. Hakimu akasimama. Basi Madumu akakumbuka kosa kubwa zaidi. Kila dumu aliloliuza alikuwa akiliacha na nafasi juu, pungufu kidogo. Akatubu. Akaanza kujaza madumu yote mpaka mdomoni, maji yakimwagika.

Wateja walifurahi. Hakimu siku hiyo alisimama hata kabla ya kufika kwenye jiwe.

Habari haikukaa. Mtaa una masikio, na kila aliyeisikia aliitia chumvi kidogo kabla ya kuipeleka mbele. Watu wakaanza kuja kulitazama jiwe jeupe. Bibi mmoja wa darasani alivua ndala zake alipopita pale. Fundi cherehani, yule yule aliyecheka, aliomba Hakimu apitishwe mbele ya duka lake aone kama atasimama. Hakimu alipita bila hata kugeuza kichwa. Fundi akarudi kwenye cherehani yake ametulia, ingawa mwanzoni alisema anatania tu.

Mama Pacha alicheka na wengine. Lakini moyoni hakutulia. Jumamosi ilikuwa inakaribia, na mumewe, alipokwishamaliza dhambi anazozikumbuka, alianza tena kuitaja baiskeli.

*

Darasa lilipokutana tena, Mchungaji aliandika ubaoni sehemu iliyobaki. Akampa Mama Pacha asome, kwa kuwa swali lilikuwa lake.

Alisoma polepole. Mungu alikifungua kinywa cha punda, na punda akasema. Mama Pacha alidhani punda atasema habari za malaika. Hakusema. Alimuuliza bwana wake amemkosea nini, hata akampiga mara tatu. Akamuuliza kama siye yule yule punda wake anayempanda siku zote, na kama amewahi kumfanyia hivyo hata siku moja. Balaamu akajibu kuwa hapana, hajawahi.

Darasa likamngoja Mama Pacha. Alikuwa amemkumbuka Hakimu wa miaka yote ile, akishuka mteremko na madumu manne mgongoni bila kumsumbua mtu.

"Endelea, mama," Mchungaji alisema.

Akaendelea. Mungu alimfumbua Balaamu macho, naye akamwona malaika. Na malaika, kabla ya jambo jingine lolote, akamuuliza kwa nini amempiga punda wake.

"Mchungaji," Mama Pacha alisema, "kumbe malaika na punda wana swali moja."

"Ndiyo. Mimi mwenyewe niliisoma habari hii miaka mingi kabla sijaligundua."

"Na kama kwenye mteremko wetu hakuna malaika?"

Mchungaji alifuta chaki mikononi akifikiri. "Basi swali la punda linabaki palepale. Anauliza kwa nini anapigwa."

Siku hiyo darasa lilichelewa kutoka, kwa sababu kila mtu sasa alikuwa na swali la punda. Mchungaji alijibu aliyoyajua. Alisema kuwa sheria ya kale ilipowapa watu siku ya kupumzika, iliwataja punda na ng'ombe kwa majina yao, wapumzike pia. Alisema ukimkuta punda wa mtu anayekuchukia ameanguka chini ya mzigo, huruhusiwi kupita. Unatakiwa umsaidie mwenyewe kumwinua, maana ugomvi wenu punda haumhusu. Alisema Yesu aliwakumbusha watu wa dini kwamba hata siku ya Sabato humfungua punda wao na kumpeleka kunywa maji. Na alipoingia mjini huku watu wakimshangilia, alimpanda mwanapunda ambaye hajapandwa na mtu, na mama yake mwanapunda akaletwa pamoja naye.

"Mama yake wa nini?" aliuliza yule bibi wa ndala.

"Haikuelezwa. Wengine hudhani ni ili mtoto asiogope kelele."

Mama Pacha naye akauliza lililomkaa kwa muda mrefu. Hakimu, kama punda wengi, alikuwa na mstari mweusi wa manyoya mgongoni, na mwingine uliokatiza mabegani. Ukimtazama kutoka juu, ilikuwa alama ya msalaba. Watu walisema aliipata kwa kumbeba Yesu. Je, imeandikwa?

"Haikuandikwa," Mchungaji alisema. "Ni masimulizi ya watu walioipenda habari ile. Mimi siwakatazi kuyapenda. Ila tusiseme ni Maandiko."

Mwisho alitaja sheria moja fupi, inayokataza kulima kwa kufunga ng'ombe na punda pamoja. Mama Pacha akainua kichwa. Kwa nini pamoja isiwezekane? Mchungaji akakiri kuwa sababu nayo haikuandikwa, na wenye elimu wanaieleza kwa njia mbalimbali.

"Muulize jirani yako, daktari wa mifugo," alisema. "Mimi nasoma. Yeye anawashika."

*

Daktari wa mifugo alikaa nyumba ya tatu kutoka kwa Mama Pacha. Alikuwa mwanamke mfupi, mchangamfu, ambaye buti zake za mpira hazikuwahi kukauka. Mama Pacha alimkuta akizisafisha, akamweleza kila kitu, jiwe, malaika, baiskeli na Jumamosi. Daktari alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akavaa buti zile zile zilizoloa na kusema waende.

Walimkuta Madumu juu ya mteremko, mkokoteni umejaa, Hakimu amesimama, na watu wachache wamejikusanya kutazama. Wote walikuwa wanatazama njia. Daktari hakuitazama njia hata kidogo. Alikwenda moja kwa moja kwa Hakimu, akamsemesha, akampapasa shingo. Kisha akaifungua kamba na kuinua ile nira.

Chini ya nira ngozi ilikuwa imechunika. Kidonda kibichi kilikuwa pale mabegani, upana wa kiganja, na inzi walikuwa juu yake. Kilikuwa kimekula mkono mmoja wa ule msalaba.

Mama Pacha alihisi machozi. Kila asubuhi alimlisha punda huyu mkononi, na kila asubuhi nira ilikuwa tayari iko shingoni, na jioni ilivuliwa giza likishaingia. Hakuwahi kuinua akaangalia chini yake.

"Hii ni nira ya ng'ombe," Daktari alisema. "Ng'ombe ana shingo nene na nundu. Nira inakaa mbele ya nundu, naye anasukuma. Punda hana nundu. Gogo linakaa juu ya mfupa. Na kamba hii inamkaba koo. Punda anavuta kwa kifua."

"Ndiyo maana hawafungwi pamoja," Mama Pacha alisema polepole.

"Sijui sheria ile ilikuwa na maana gani, dada. Lakini miili yao ni miwili tofauti. Chombo kimoja hakiwezi kuwafaa wote."

Madumu alikuwa amekunja uso. Aliona aibu, na aibu ilimfanya abishe. Akasema kidonda sawa, amekiona, lakini mbona punda anavuta vizuri kule tambarare na hata mlimani? Mbona anagoma kwenye mteremko, mahali ambapo kazi ni rahisi, mkokoteni unakwenda wenyewe?

"Shemeji," Daktari alisema, "umewahi kuushuka mteremko huu ukiwa mbele ya mkokoteni?"

"Huwa natembea pembeni."

"Basi leo tembea mbele."

Watu wakapiga makofi. Madumu hakuwa mtu wa kurudi nyuma mbele ya watu. Akamfungua Hakimu, akaingia katikati ya miti miwili iliyotokeza mbele ya mkokoteni, akaishika. Nira akaiweka nyuma ya shingo yake, juu ya kitambaa. Daktari aliagiza madumu mengi yashushwe, yakabaki machache tu. Yeye na Mama Pacha wakashika kamba nyuma, ili mkokoteni usije ukamuua mtu.

Madumu alivuta. Tambarare alikwenda vizuri, akawapungia watu mkono. Akalipita jiwe jeupe. Hapo mkokoteni ukaacha kuvutwa, ukaanza kusukuma. Gogo likampiga kisogoni. Akajaribu kukita visigino, visigino vikateleza kwenye kokoto. Ukamsukuma tena. Akatembea, akatembea haraka, akaanza kukimbia bila kupenda, mikono imekaza, macho yamemtoka.

"Shikeni," alisema kwa sauti nyembamba. "Shikeni, Mama Pacha, shikeni jamani."

Wakashika. Mkokoteni ukasimama. Madumu alitoka pale anatweta, amekiona cha mtema kuni. Walisaidiana kuurudisha mkokoteni juu. Daktari akamuuliza, bila kucheka, kama angependa kujaribu tena, safari hii madumu yote yakiwemo.

Madumu alikuja mpaka penye jiwe jeupe. Akautazama mteremko. Akasimama.

"Siendi," alisema.

Alikuwa amesimama mahali pale pale, miguu imekitwa vile vile. Mama Pacha ndiye aliyeanza kucheka, na mtaa wote ukafuata. Madumu mwenyewe hakucheka. Alikaa juu ya jiwe na kumtazama Hakimu, aliyekuwa kando akinusa majani.

"Nilikuwa namchapa kwa jambo hili," alisema. "Kila siku. Naye hakuwa na mtu wa kumshikia kamba nyuma."

Kicheko kikaisha. Mama Pacha alikwenda akakaa karibu naye.

*

Kazi ya kurekebisha ilianza jioni ile ile. Madumu alitaka kupaka kidonda mafuta machafu ya gari, kama wafanyavyo wengi. Daktari alimzuia, kwa kuwa mafuta yale huunguza nyama na kuleta sumu. Aliwaonyesha kuchemsha maji, kuyaacha yapoe, kuyatia chumvi kidogo, na kuosha kidonda kwa kitambaa safi kila siku. Kisha akapaka dawa aliyokuja nayo, ya kuua vijidudu na kufukuza inzi. Akasema Hakimu asifungwe kitu chochote mpaka kidonda kipone kabisa.

Aliuliza pia Hakimu hunywa maji saa ngapi. Madumu akajibu kuwa jioni, kazi ikiisha. Halafu akasikia alichokisema. Punda alikuwa akibeba maji kutwa nzima, akiyasikia yakicheza nyuma yake, na hakuna aliyewahi kumkaribisha. Pacha walikimbia kuleta ndoo bila kutumwa. Hakimu aliinywa mpaka chini, akapumua, akainywa ya pili.

Wakati Hakimu akipumzika, Madumu alisukuma mkokoteni mwenyewe, na madumu machache, akizunguka njia ndefu isiyo na mteremko mkali. Wateja waliuvumilia huo uchelewaji kwa subira iliyowashangaza hata wenyewe. Nadhani wengi walikuwa wamemwona akikimbia.

Mama Pacha naye alikaa uani na sindano kubwa ya kushonea magunia. Daktari alimwelekeza, yeye akashona. Alichukua turubai imara, akaikunja iwe mkanda mpana kama kiganja kilichofunguliwa, na ndani yake akaweka blanketi kuukuu lililofuliwa. Huo ulikuwa mkanda wa kifuani. Ungekaa chini ya koo, usimkabe, na juu ya maungio ya miguu ya mbele, usimzuie kutembea. Kwa huo Hakimu angevuta.

Akashona na mkanda wa pili, wa nyuma. Huo ungezunguka mapaja, chini ya mkia. Mkokoteni ukisukuma kwenye mteremko, punda angeukalia mkanda ule na kuuzuia kwa nguvu za makalio yake, ambazo si haba. Mwisho akashona tandiko dogo la kubeba uzito wa miti ya mkokoteni, lenye mito miwili na nafasi katikati, ili lisiguse uti wa mgongo. Hakuna kamba wala waya uliogusa ngozi.

Kokoto alifika Jumamosi kama alivyoahidi, anasukuma baiskeli yake. Mama Pacha alikuwa bado anashona, na sindano ikasimama mkononi. Alimtazama mumewe. Walikuwa hawajalizungumza jambo hilo tena.

Madumu alikuwa amechuchumaa, anaosha kidonda. Hakuinuka.

"Rudi nayo, ndugu yangu," alisema. "Punda haendi popote."

"Si ulisema ana kiburi?"

"Nilisema. Nilikuwa simjui."

Kokoto alitazama kidonda. Alitazama mkanda mapajani mwa Mama Pacha. Alizunguka uani kama mtu aliyesahau kilichomleta. Mwishowe akauliza kitu kile kinaitwaje na kinashonwaje. Mama Pacha akamwonyesha. Kokoto aliondoka na baiskeli yake, lakini baada ya kufika getini alirudi, akaomba apimiwe kipande cha kamba kwa upana ule, akakitia mfukoni.

*

Kidonda kilipona. Manyoya yaliyoota pale yalikuwa meupe, na Daktari alisema yatabaki hivyo. Kwa hiyo msalaba wa Hakimu una mkono mmoja mweusi na mmoja mweupe. Mama Pacha huuona kila asubuhi anapomlisha. Siku hizi kabla ya maganda hupitisha mkono chini ya kila mkanda, akipapasa kama kuna joto au uvimbe. Pacha wamejifunza kufanya hivyo, nao hawachoki kushindana nani ataanza.

Siku ya kwanza ya kazi watu walijaa penye jiwe jeupe. Madumu yalikuwa pungufu kwenye mkokoteni, ingawa kila moja lilikuwa limejaa. Hakimu alivuta kutoka bombani, kichwa chini, hatua zake zile zile zisizo na haraka na mtu. Akafika penye jiwe. Akasimama.

Watu wakaguna. Mama Pacha alishika kidevu. Madumu hakuinua fimbo, maana hakuwa nayo. Alikagua mkanda wa kifuani, akakagua wa nyuma. Akafungua dumu la kwanza, akammiminia Hakimu maji kwenye beseni. Hakimu akanywa. Kisha akaingiza mguu mmoja kwenye mteremko, kwa mashaka. Mkokoteni ukasukuma. Mkanda wa nyuma ukakaza, ukamshika. Hakimu akageuza sikio moja nyuma, akafikiri. Akaweka mguu wa pili.

Walishuka mpaka darajani bila kelele yoyote, isipokuwa za madumu.

Mpaka leo Hakimu husimama penye lile jiwe. Ni kwa muda mfupi tu, na Mama Pacha anaamini ni mazoea. Jumapili hapiti pale kabisa, kwa sababu hupumzika, na wateja wamejua kununua maji yao Jumamosi. Siku moja mpita njia aliyekuwa amesikia hadithi ya zamani alimkuta Madumu amesimama kando ya punda wake juu ya mteremko. Akamuuliza kwa utani kama malaika bado yupo.

"Hilo sijui," Madumu alisema. "Mimi siku hizi akisimama, nasimama naye. Namuuliza yeye kwanza."

Akapapasa mkanda, akaulegeza kidogo upande mmoja. Hakimu akatikisa sikio, na wakaendelea kushuka.